Wino Mmoja, Koo Nne

Saa mbili usiku, juu ya karatasi nyeupe, uyoga wa aina mbili umesimamishwa ubavu kwa ubavu. Wa kushoto una kofia ndefu nyeupe iliyojaa magamba, kimo cha sentimita 10 hivi. Wa kulia ni wa kijivu, kofia yake haina magamba yale, ina mistari hafifu tu, na ni nusu ya kimo cha mwenzake. Kufikia asubuhi kofia zote mbili hazipo. Yamebaki mashina mawili na madimbwi mawili meusi, na mtu ambaye hakuwepo jana yake hawezi kusema dimbwi lipi limetoka wapi.

Madimbwi hayo ndiyo yaliyoishikilia jenasi ya Coprinus, uyoga wa wino, kwa miaka 204.

Mtaalamu wa kuvu Persoon aliitangaza mwaka 1797, na mwaka 2001 ikavunjwa. Uyoga wa kushoto, Coprinus comatus, ulibaki na jina lake. Wa kulia, uliokuwa Coprinus atramentarius, sasa ni Coprinopsis atramentaria, na umehama jenasi na familia kwa pamoja. Leo C. comatus inahesabiwa katika Agaricaceae, familia ya Agaricus bisporus, ule uyoga wa kawaida unaolimwa na kuuzwa karibu dunia nzima. Jirani yake wa karne mbili yumo katika Psathyrellaceae.

Kinachonikereketa kwa wiki kadhaa sasa si matokeo yenyewe. Ushahidi wa DNA uko wazi na umerudiwa vya kutosha. Ninachojiuliza ni jinsi watu makini, wenye hadubini nzuri na macho makali, walivyoweza kuziweka koo nne chini ya jina moja kwa muda wote huo, na kama sisi tunaoendelea kugawa tumepata kipimo kilicho bora kuliko chao.

## Wino ni kazi

Tuanze na kuyeyuka kwenyewe, maana wengi bado wanadhani ni kuoza.

Uyoga wa kawaida wenye matamvua, yaani vile vibamba vyembamba chini ya kofia, huyapanga kwa umbo la kabari: pana juu, jembamba chini. Spora, yaani chembe za kuzalia za uyoga, hurushwa kutoka kwenye uso wa tamvua, zikafika katikati ya uwazi, kisha zikaanguka moja kwa moja hadi kwenye hewa inayopita chini. Kabari inasaidia. Hata kofia ikiinama kidogo, spora nyingi hazigongi ukuta.

Uyoga wa wino umechagua mpango mwingine. Matamvua yake ni membamba mno, pande zake zinakaribia kuwa sambamba, na yamebanana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Spora zikirushwa zote kwa pamoja, nyingi zitanasa humo humo. Kwa hiyo hazikomai pamoja. Ukomavu huanzia ukingo wa chini na kupanda juu taratibu. Ukanda mwembamba wa chini hurusha spora zake, halafu vimeng'enya vinavyovunja kitini na glukani, malighafi ya kuta za seli za kuvu, huumeng'enya ukanda uliokwisha kazi. Ukingo mpya unabaki wazi, ukanda unaofuata unarusha, unayeyuka, na mchezo unaendelea hadi juu. Tone jeusi unaloliona ni mabaki ya seli pamoja na spora chache zilizokosa njia. Zilizo nyingi zimeshaondoka na upepo.

A. H. Reginald Buller alieleza hayo mapema karne ya 20 katika mfululizo wa vitabu vyake kuhusu kuvu. Ndiye aliyekadiria pia kwamba kofia moja ya C. comatus hutoa spora zaidi ya bilioni 5.

Sasa tazama matatizo ambayo mpango huu lazima uyatatue. Matamvua yaliyobanana yanahitaji kitu cha kuyazuia yasigusane. Katika Coprinopsis atramentaria kazi hiyo inafanywa na sistidia, seli kubwa zilizovimba zinazotoka upande mmoja wa tamvua na kufika upande wa jirani, mfano wa nguzo. Katika C. comatus, pande za matamvua hazina sistidia kabisa.

Kazi ni ileile, fundi ni tofauti.

Hapo ndipo mashaka yalipaswa kuanza. Sifa inayomletea kiumbe faida ya wazi ndiyo sifa inayoweza kuzuka mara nyingi katika koo zisizohusiana, na kwa sababu hiyo haifai kuwa shahidi wa ukoo. Uchambuzi wa Nagy na wenzake wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba hata ndani ya Psathyrellaceae peke yake uwezo wa kujiyeyusha ulizuka zaidi ya mara moja.

## Dalili zilikuwa mezani

Si kweli kwamba hakuna aliyeona chochote kabla ya DNA.

Pasua shina la C. comatus kwa wembe, kutoka juu hadi chini. Ndani kuna uwazi, na katikati ya uwazi huo unaning'inia uzi mweupe wa nyuzinyuzi. Shika pete iliyo shinani: inateleza, imeachana na kofia na imeachana na shina. Angalia magamba yaliyopinda ya kofia. Ukizificha spora nyeusi na kusahau wino, unachokiona mbele yako kinafanana na Macrolepiota na Chlorophyllum, uyoga mkubwa wa Agaricaceae wenye magamba na pete ya kuteleza. C. atramentaria haina uzi huo wala pete ya namna hiyo. Ina alama hafifu tu karibu na kitako, pale kofia changa ilipokuwa imekaa.

Upande mwingine kulikuwa na spishi zilizokaa kwenye jenasi ya wino bila kutoa wino. Coprinellus disseminatus huota kwa mamia kwenye visiki, kofia za milimita 5 hadi 15, na hunyauka kimyakimya bila tone. Mtaalamu wa kuvu Kühner aliona kwamba haiingii sawasawa, na mwaka 1928 akaunda Pseudocoprinus kwa ajili ya zile zisizoyeyuka. Alikosea mstari, kwa kuwa naye aliendelea kugawa kwa wino, safari hii kwa kutokuwepo kwake. Ila kuona kwamba kuna kasoro, aliona.

Kilichowashikilia wote ni mpangilio wa Fries, mtaalamu wa kuvu wa karne ya 19, ambao ulianza na rangi ya spora. Spora nyeusi mlango huu, nyeupe ule, kahawia ule pale. Macrolepiota ina spora nyeupe, hivyo ilishaondolewa kwenye meza kabla mtu hajapata nafasi ya kuilinganisha na C. comatus. Swali la kwanza likiwa baya, umakini wote unaofuata unapotea bure.

## Kanuni isiyojali wingi

Mwaka 1994 Hopple na Vilgalys walichapisha ramani za vipande vya DNA ya ribosomu zikionyesha kwamba Coprinus si kundi moja. Mwaka 1999 wakarudi na mfuatano wa herufi zenyewe za jeni hiyo, na mti wa ukoo ukawa uleule: C. comatus na wenzake wachache upande mmoja, wengine wengi mbali nao, wamechanganyika na uyoga wa jenasi ya Psathyrella ambao haujawahi kuyeyuka.

Ukishajua hivyo, swali linalobaki ni la sheria. Nani anachukua jina?

Mtu asiyezoea kazi hii atajibu haraka: walio wengi. Kanuni za kimataifa za majina hazihesabu hivyo. Kila jenasi imefungwa kwenye spishi moja ya kielelezo, na popote spishi hiyo iendapo, jina linaifuata. Kielelezo cha Coprinus ni C. comatus, ambayo O. F. Müller aliieleza kwanza mwaka 1780 kwa jina la Agaricus comatus. Hivyo jina likaenda na wachache. Na balaa haikuishia kwenye jenasi. Familia ya Coprinaceae nayo ilikuwa imefungwa kwa Coprinus, na Coprinus imeingia Agaricaceae, jina lililo kongwe zaidi. Coprinaceae ikamezwa. Waliobaki nje hawakuwa na jenasi wala familia.

Makala ya Redhead, Vilgalys, Moncalvo, Johnson na Hopple, katika jarida la Taxon mwaka 2001, ndiyo iliyowapa makazi. Walifufua majina mawili ya Karsten ya karne ya 19 yaliyokuwa yamelala, Coprinellus (1879) na Coprinopsis (1881), wakaunda moja jipya, Parasola, na familia mpya, Psathyrellaceae.

Upinzani ulikuja mwaka huohuo. Kundi la wataalamu wengine lilipendekeza kielelezo kibadilishwe, C. atramentarius ishike nafasi ya comatus, ili jina Coprinus libaki na walio wengi na vitabu visiandikwe upya. Kamati ya kuvu ililikataa pendekezo hilo.

Nimelitafakari sana. Hoja ya wapinzani ilikuwa na uzito, maana lengo mojawapo la kanuni hizo ni utulivu wa majina, na hapa majina zaidi ya mia yalikuwa yanatikiswa. Hata hivyo naona kamati ilifanya vyema. Kielelezo kikibadilishwa, uyoga wa wino unaojulikana kuliko wote, ule uliochorwa kwenye kila kitabu cha uyoga chini ya neno Coprinus, ndio ambao ungelazimika kutafutiwa jina jipya. Tena mchanganyiko wenyewe usingeisha, kwa sababu Coprinopsis, Coprinellus na Parasola ni koo tofauti na bado zingehitaji kugawanywa baadaye.

## Ngozi ya kofia kwanza

Basi una uyoga wa wino mkononi na hadubini mezani. Uanze wapi?

Usianze na wino. Usianze na rangi wala mahali ulipoota. Anza na ngozi ya kofia.

Kata kipande cha kofia changa, weka wembe uelekee kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha chonga kipande chembamba kabisa kinachoonyesha ngozi kwa ubavu. Kwa uyoga mbichi maji yanatosha. Uliokauka uloweshe katika potasiamu hidroksaidi ya asilimia 3 hadi 5 kwa dakika chache, na kama seli hazionekani ongeza rangi ya Kongo nyekundu. Ukuzaji wa mara 400 unatosha.

Seli za ngozi zikiwa ndefu na zimelala, moja juu ya nyingine, na shina halina ule uzi wa Coprinus, uko Coprinopsis. Zikiwa za duara au za umbo la peasi, zimesimama bega kwa bega, uko Coprinellus au Parasola. Kati ya hizo mbili, tafuta utaji, yaani mabaki ya kile kifuniko kilichoifunika kofia changa. Parasola haina utaji hata chembe. Coprinellus mara nyingi unao, wa seli za duara, au una nywele zilizo wazi kwenye kofia, au vyote viwili.

Sehemu hii ndiyo inayowapoteza wengi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Coprinellus micaceus inajulikana kwa chembechembe zake zinazometameta kofiani, na chembe hizo chini ya hadubini ni seli za duara. Mtu akishaona mara kadhaa huanza kuamini kwamba chembechembe ni sawa na Coprinellus. Kisha anakutana na Coprinopsis nivea, nyeupe pepe, imefunikwa unga mzito, na unga huo nao ni seli za duara. Akiishia kwenye utaji, ameiweka jenasi isiyo yake. Ngozi iliyo chini ya unga ndiyo inayosema kweli: seli zimelala. Ndiyo maana utaji huulizwa baada ya ngozi, kamwe si kabla yake. Ndani ya Coprinopsis utaji unabadilika mno: spishi zilizo karibu na C. lagopus zina seli ndefu zilizounganishwa mnyororo, zilizo karibu na C. friesii zina nyuzi zenye matawi na vijipembe, na kundi la nivea lina duara. Ni sifa nzuri ya kutofautisha spishi. Kwa jenasi ni mtego.

Parasola nayo ina somo lake. Parasola auricoma ina nywele za kahawia zenye kuta nene katikati ya seli za ngozi, na unaweza kuziona kwa lenzi nzuri ya mkononi. Nywele za aina hiyo zilijulikana pia kwenye Psathyrella conopilea, uyoga usioyeyuka, wenye kofia ya kahawia ya umbo la pia, ambao hakuna aliyeuhesabu kuwa wa wino. Mwaka 2008 Örstadius na Larsson waliuhamishia Parasola, DNA ikiwaunga mkono. Nywele zilikuwa zimesema hivyo tangu zamani. Wino ndio uliokuwa unapiga kelele.

Spora zinasaidia mwishoni. Za C. micaceus, zikitazamwa kwa uso, zina mabega na ncha kama kofia ya askofu. Za Parasola plicatilis zimebanwa ubavuni na tundu la kuotea limekaa upande mmoja badala ya kileleni. Coprinus sterquilinus, jamaa wa comatus aotaye kwenye samadi, ana spora kubwa kupita mikromita 15, ilhali za comatus ni 10 hadi 13 hivi. Kwa kuwa spora nyingi za kundi hili ni bapa, pima angalau 20, na kwa kila kipimo andika kama ulikuwa unatazama uso au ubavu. Wastani uliochanganya pande hizo mbili hauwezi kulinganishwa na kitabu chochote.

## Yanayoharibika kabla ya kazi kuanza

Uyoga huu hausubiri. Mfuko wa plastiki na jua la saa moja vinatosha kukuletea supu nyumbani.

Chukua wa umri mbalimbali: mmoja ambao kofia bado imefungwa, mmoja unaoanza kuwa mweusi ukingoni, mmoja uliofunguka. Utaji uko kwenye ule mchanga, spora zilizokomaa ziko kwenye ule mkubwa, na huwezi kupata vyote kwenye mmoja. Wabebe wakiwa wima ndani ya kisanduku kigumu. Utaji hufutika kwa kuguswa tu, na mvua huuosha, kwa hiyo kofia isiyo na chembe baada ya mvua haithibitishi kitu. Ung'oe na kitako chake pia. Coprinellus domesticus na jamaa zake mara nyingi huota juu ya zulia la nyuzi za rangi ya chungwa, na zulia hilo hubaki kwenye gogo iwapo shina limekatwa juu juu.

Alama ya spora, yaani unga wa spora unaoachwa na kofia kwenye karatasi, iwekwe papo hapo, kwa muda wa saa mbili hadi nne. Ukiiacha usiku kucha utakuta wino, na wino umebeba mabaki ya seli yanayokusumbua kwenye slaidi. Kwa kipimo, zichukue spora zilizoanguka zenyewe. Zile za kubanduliwa kwenye tamvua zina changa nyingi na wastani wako utashuka.

Kausha siku ileile, nyuzi 40 za Selsiasi, hewa ikipita. Kofia kubwa ipasue kwanza. Joto kali zaidi hupika seli na baadaye hazivimbi tena kwenye potasiamu.

Kwa DNA, usichukue tamvua. Rangi nyeusi ya spora huzuia PCR, njia ya kunakili DNA, isifanye kazi, na kofia inayoyeyuka imeshajaa bakteria na hamira. Kata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kutoka ndani ya shina au nyama ya kofia changa, ukiweke kwenye jeli ya silika mara moja. Kipande cha ITS, sehemu ya DNA inayotumiwa kutambua kuvu, cha herufi 600 na ushei hadi 700, kitakupeleka jenasi sahihi karibu kila mara, na spishi mara nyingi.

Kisha unakwenda kulinganisha na hazina ya mfuatano mtandaoni, na hapo kuna tatizo la aina yake. Mfuatano mwingi uliwekwa kwa majina ya kabla ya 2001, na mwingine uliwekwa na watu waliokisia. Ukipata kumi zinazofanana na yako, nne zinaitwa Coprinus, tano Coprinellus, na moja haina jina, usipige kura. Tafuta ile iliyo na namba ya sampuli iliyokaushwa na kuhifadhiwa, na zaidi ile iliyotoka kwenye sampuli ya kielelezo. Hiyo moja inazishinda tisa zilizobaki.

Jambo dogo la kutafuta: andika shina la jina la spishi bila mwisho wake. Coprinus atramentarius ilipohamia Coprinopsis ikawa atramentaria, na mashine nyingi za kutafuta hazijui kwamba ni kitu kimoja. Micaceus haikubadilika, kwa kuwa Coprinellus inafuata jinsia ileile ya kisarufi.

## Pale ambapo jina linamgusa mlaji

Kuna watu husema ugawaji huu ni burudani ya maprofesa. Kwa kundi hili jibu ni rahisi.

Coprinopsis atramentaria ina koprini. Mwaka 1975 kundi la watafiti wa Uswidi na jingine la Marekani, kila moja kivyake, waliitenga kemikali hiyo. Mwilini huvunjika na kutoa kiini kinachozuia kimeng'enya cha kuondoa asetaldehidi, na asetaldehidi ndiyo pombe inapopitia kabla ya kumalizwa na ini. Aliyekula uyoga huo akanywa pombe, uso unawaka, moyo unadunda, kichwa kinauma, kichefuchefu kinafuata. Na si lazima iwe mlo mmoja: hatari hubaki siku kadhaa baada ya kula.

Coprinus comatus haina koprini. Lakini kwa kuwa vitabu viliwaita wote Coprinus, onyo lilipakwa kwa wote, na hofu ya "uyoga wa wino na pombe" ikaizunguka hata comatus. Mbaya zaidi ni kinyume chake: mtu aliyesoma kwamba Coprinus huliwa, akachuma ule wa kijivu. Familia mbili tofauti, kemia mbili tofauti. Kwa hili moja, mti wa DNA unafundisha zaidi kuliko picha.

## Maabara na majina yake

Coprinopsis cinerea ni mnyama wa maabara, niwie radhi kwa neno. Hutoka spora hadi uyoga kwa wiki mbili hivi, ina kromosomu 13, na jenomu yake ya takriban herufi milioni 37 ilichapishwa mwaka 2010. Mengi tunayojua kuhusu jinsi uyoga unavyopanga kromosomu wakati wa kutengeneza spora yametoka kwake.

Ila ukitaka kusoma fasihi yake yote utafute majina mengi. Kabla ya 2001 ni Coprinus cinereus. Kazi nyingi za zamani za jenetiki zimeuita Coprinus lagopus, ambayo ni spishi nyingine kabisa na leo ni Coprinopsis lagopus. Kazi nyingine zimetumia Coprinus macrorhizus. Hapa si mabadiliko ya 2001 yaliyoleta fujo. Ni utambuzi mbovu wa spishi, uliorithiwa na kila aliyepokea kuvu iliyooteshwa kutoka kwa mwenzake bila kuiangalia upya. Kila mara mtu akilalamika kwamba wataalamu wa majina wameharibu mambo, nakumbuka kwamba maabara ziliharibu vizuri tu bila msaada.

## Sasa tunagawa mpaka wapi?

Mwaka 2020 Wächter na Melzer walichapisha mgawanyo mpya wa Psathyrellaceae. Spishi nyingi za Coprinellus zenye nywele kofiani zikawa Tulosesus. Kundi dogo lililokuwa Coprinopsis, lenye spora za umbo la moyo, likawa Narcissea. Psathyrella candolleana ikatolewa ikawa Candolleomyces, na majina mengine mapya yakafuata.

Mashaka yangu yanaanzia hapa.

Mwaka 2001 hapakuwa na njia nyingine. C. comatus na C. atramentaria hawawezi kukaa jenasi moja bila kumeza sehemu kubwa ya oda ya Agaricales pamoja nao. Ukweli ulilazimisha. Tulosesus ni jambo la namna nyingine. Inakaa karibu na Coprinellus, na mtu angeweza kuziacha pamoja chini ya jina moja bila kuvunja kanuni yoyote ya ukoo. Hapo mti hauamui. Anayeamua ni mtunzi, kwa kuuliza kama tofauti inaonekana vya kutosha kustahili jina.

Wanaotetea wana hoja nzuri. Tulosesus inatambulika: nywele zipo, zina umbo lake, na hadubini ya kawaida inaziona. Kwa kipimo nilichokitumia juu, kwamba sifa ndogo ya ngozi hudumu kuliko sifa kubwa ya wino, ningepaswa kuipokea kwa mikono miwili. Narcissea naikubali bila shida, kwa kuwa ilikuwa imekaa pembeni ya Coprinopsis kiasi cha kuisumbua.

Lakini Coprinellus disseminatus ina nywele kofiani na haikuhamia Tulosesus. Imebaki Coprinellus. Basi nywele peke yake hazitoshi. Unahitaji nywele pamoja na hali ya utaji, na ukiwa na kofia iliyooshwa na mvua huna utaji wa kuuangalia. Ufunguo wa kutambua unaanza kulegea pale pale ulipotakiwa kukaza, na anayebaki na jibu ni mwenye mashine ya kusoma DNA.

Kwa hiyo ninachofanya kwenye lebo ni hiki. Kama nimeona ngozi, utaji, nywele na spora, na vyote vinakubaliana, naandika jina jipya, Tulosesus na kadhalika, na sampuli iliyokauka inaingia bahashani na mchoro wa ngozi. Kama utaji haupo na DNA haijasomwa, naandika "Coprinellus kwa maana pana", chini yake tarehe, umri wa kofia, na kama mvua ilinyesha. Na kama kilichoniletewa ni dimbwi jeusi tu na shina, napasua shina kutafuta uzi. Ukiwepo, ni Coprinus. Usipokuwepo, lebo inabaki na neno "Psathyrellaceae?" na alama yake ya kuuliza, bahasha inafungwa.